Tiki za Asubuhi

Mkanda ulisoma sitini na nne. Mlinganishi, programu ya kompyuta, akasema thelathini na saba, taa ikawaka kijani, na mimi nikamgeukia mama wa mtoto kumpa habari njema.

"Thelathini na saba, Mama Tupo. Kijani. Mtoto hana haja ya puto, mtarudi baada ya miezi sita."

Hapa Tukuyu mtu akiambiwa kijani hukusanya vitu vyake, anasema ndaga fijo, asante sana, huyo anaondoka kabla hujabadili mawazo. Subilaga Kasyupa hakuinuka. Ni fundi bomba wa kata yetu, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, na siku hiyo alikuja moja kwa moja kutoka kazini, ovaroli ina tope magotini. Binti yake Tupokigwe, miaka sita, alikuwa bado amelala kitandani, mkanda umemzunguka kifua.

"Huo mkanda umeandika sitini na nne," akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Hizo ishirini na saba zimekwenda wapi?"

Loh! Miaka kumi na moja nimekaa na Mlinganishi, sijawahi kuulizwa swali hilo na mzazi. Madaktari wenyewe hawaulizi. Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi.

Vali inayotoa damu kwenye moyo wa Tupo kwenda mwilini imebana tangu kuzaliwa. Damu ikipita mahali palipobana hukimbia, kama maji ukibana mdomo wa mpira kwa kidole. Mkanda ni kitambaa tu, kimeshonewa punje za kutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Unapima damu inakimbia kiasi gani, na kutokana na mbio hizo unakokotoa presha ya ndani ya moyo imeizidi ya nje ya vali kwa kiasi gani. Zamani tulikuwa na njia ya pili. Mrija mwembamba uliingizwa kwenye mshipa wa paja, ukapandishwa mpaka ndani ya moyo, ukapima presha yenyewe, kwanza ndani, kisha nje.

"Namba hizo mbili hazilingani hata siku moja," nikamwambia. "Mawimbi yanashika ile nukta moja tofauti inapokuwa kubwa kuliko zote. Mrija unachukua kilele cha ndani, unatoa kilele cha nje, na vilele hivyo havifiki wakati mmoja. Kwa hiyo mawimbi huwa juu, mrija chini. Na sheria ya puto iliandikwa enzi za mrija. Hamsini kwenda juu, mtoto anapelekwa Mbeya kupanuliwa vali kwa puto. Chini ya hamsini, anaachwa, kwa sababu puto nalo lina madhara yake. Sasa mrija hatuutumii tena kwa kupima. Mlinganishi anaangalia namba ya mkanda, anakuambia mrija ungesema ngapi."

"Anajuaje?"

"Alifundishwa kwa jozi. Mtoto yuleyule, siku ileile, kapimwa mawimbi na kapimwa mrija. Jozi elfu nne."

Subilaga akafikiri kidogo. Akajikuna shingo kwa kidole chenye grisi.

"Mimi nikitaka kujua bomba limeziba wapi, napima presha huku na kule," akasema. "Lakini lazima maji yawe yanakwenda sawasawa mara zote mbili. Nikipima huku asubuhi mtaa mzima unachota, halafu kule nikapima mchana hakuna anayechota, namba zangu ni takataka. Sasa hao watoto wenu wa jozi, walipopimwa mawimbi na walipopimwa mrija, mioyo yao ilikuwa inasukuma sawasawa?"

"Ndiyo," nikasema haraka. "Wakati wa mrija walikuwa wamelazwa kwa dawa. Wakati wa mawimbi walikuwa wametulia. Iko kwenye fomu, kila fomu imewekwa..."

Neno "tiki" halikutoka.

"Imewekwa nini?"

"Alama," nikasema. "Imewekwa alama."

Akamfungua mtoto mkanda. Akiwa mlangoni akageuka. "Shule iko juu ya kilima, Bi Atu. Mwaka jana alikuwa anakipanda akiimba. Mwaka huu anasimama mara mbili. Anachuchumaa, anajifanya anafunga kiatu. Na viatu vyake havina kamba."

*

Jina langu Atuganile Mwankenja. Kazi ya mawimbi nimeifanya miaka thelathini na minne, na wanaonijua watakuambia nina mdomo, lakini mkono wangu hauna mpinzani. Hayo mawili yote ni kweli.

Chumba cha zamani cha mrija kiko mwisho wa ukumbi. Siku hizi tunaweka humo maboksi ya dripu na vitanda vilivyovunjika. Fomu za karatasi ziko kwenye kabati la chuma nyuma kabisa, maana sheria inasema zitunzwe miaka hamsini. Nilikaa juu ya boksi, nikatoa faili la mwaka wangu wa tatu kazini, nikafungua.

Tiki. Tiki. Tiki. Bluu, zote zimelala upande mmoja, mkia umepinda kidogo juu. Mwandiko wangu umesifiwa tangu darasa la pili.

Ilikuwa hivi. Kompyuta ya wakati ule ilikuwa haipokei fomu kama kisanduku kimoja kimebaki tupu. Kisanduku cha nne kilisema: mtoto ametulia wakati wa kupimwa. Basi mimi kila asubuhi, saa moja na nusu, na kikombe changu cha chai, nilikuwa nachukua rundo la fomu thelathini na kutia tiki kisanduku cha nne zote, pa, pa, pa, kabla hata mtoto wa kwanza hajafika. Hiyo ilinipunguzia usumbufu. Nilijiona mjanja, tena nikawafundisha na wenzangu.

Na watoto walifikaje kwangu? Gari la kupeleka damu maabara Mbeya lilikuwa linaondoka saa nne kamili na halimsubiri mtu. Kwa hiyo utaratibu wa kituo ulikuwa damu kwanza. Mtoto anachomwa sindano chumba namba mbili, anatolewa analia, analetwa kwangu chumba namba tatu. Walikuwa wanapiga kelele mpaka dirisha linatetemeka! Mama anamshika mikono, nesi anamshika miguu, mimi nawinda picha. Moyo wa mtoto anayelia hivyo husukuma kwa nguvu zake zote. Mbio za damu zinapanda, namba inapanda nayo. Themanini, themanini na tano. Mchana wanamlaza kwa dawa, moyo unalegea, mrija unasema arobaini na sita.

Wakati ule haikumdhuru mtu. Daktari alitazama namba ya mrija, akaamua, ya kwangu ikalala kabatini. Tena walikuwa wananitania, "Atu, mawimbi yako yanatia chumvi." Ndipo miaka baadaye wakaja watu na skana zao, wakazichukua fomu, kwa sababu nchi nzima ni sisi peke yetu tuliokuwa tunafanya vipimo vyote viwili siku moja. Kwa watoto chini ya miaka minane, jozi zilizopatikana ni elfu moja na mia nne. Zetu ni elfu moja na mia moja na thelathini.

Mlinganishi akasoma: mtoto ametulia, mawimbi themanini, mrija arobaini na sita. Akaamini. Kwa nini asiamini, na tiki ipo? Akajifunza kwamba mtoto aliyetulia unamkata karibu nusu. Na mkanda wa siku hizi haupimi kabisa mtoto anayelia. Unasubiri mpaka mapigo yashuke, ndio unaanza. Sitini na nne ya Tupokigwe ilikuwa sitini na nne ya mtoto aliyelala fofofo, na Mlinganishi akaikata kama ya mtoto wa chumba namba tatu.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nilimwogopea mtoto, na nilijiogopea mwenyewe, na sikuweza kutenganisha hofu hizo mbili.

*

Nilipiga simu Dodoma, Ofisi ya Mlinganishi. Nikaunganishwa na mama mmoja anaitwa Bi Mrutu, sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kukataa. Nikamweleza yote, tiki, sindano, gari la saa nne.

"Nimekusikia, mama yangu," akasema. "Lakini neno lako peke yake haliwezi kufuta jozi elfu moja. Kesho mwingine atapiga aseme naye alikosea upande mwingine. Tunahitaji kipimo. Leta jozi mpya, mkanda na mrija kwa wakati mmoja, mtoto akiwa katika hali moja. Kanuni ya uhakiki inaruhusu, mzazi akikubali na daktari akisaini."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo Mlinganishi anaendelea."

Nikaomba basi angalau mtoto huyu mmoja afunguliwe njia. Akanijibu kwa upole uleule kwamba chumba cha puto Mbeya kinafunguka kwa namba tu, hamsini kwenda juu. Barua ya daktari haikifungui, na ya kwangu mimi ndiyo usiseme.

Kwa hiyo ilibidi mtoto aingizwe mrija moyoni kwa sababu tu mimi nasema mashine imekosea. Mrija si mchezo. Mshipa wa paja unaweza kuziba mguu ukapoa. Moyo ukiguswa ndani unaweza kuvuruga mapigo. Kwa watoto mia tatu, mmoja anapata matatizo makubwa, na yule mmoja ana jina na ana mama.

Dokta Ambakisye Mwaipaja ndiye wa mwisho mkoani anayeujua mrija kwa mkono wake. Ana miaka sitini na tisa, bado anaingia kazini siku tatu kwa wiki, hasa kugombana na vijana. Nilimkuta ofisini anamenya chungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nitauingiza," akasema. "Mimi mwenyewe ile thelathini na saba sikuipenda. Lakini, Atu, mama wa mtoto utamwambiaje?"

"Nitamwambia ukweli."

"Ukweli upi? Mwambie ni kipimo cha uhakiki. Ni kweli. Mwambie kina hatari moja kwa mia tatu. Ni kweli. Mwambie tuna shaka na namba. Ni kweli pia. Ya tiki zako yanamsaidia nini?"

"Ana haki ya kujua kwa nini."

"Hebu acha." Akaweka chungwa mezani. "Ukimwambia kwamba wewe, uliyemshika mtoto wake jana, ulikuwa unatia tiki watoto hujawaona, unadhani atakupa mtoto tena? Atambeba, ataondoka. Atakwenda kwa waganga, atakwenda kwa maombi, na mtoto ataanguka kwenye hicho kilima. Wewe utabaki na roho nyeupe na yeye atabaki na kaburi. Mimi sioni haki hapo."

Nasema wazi, mpaka leo sina jibu kamili. Alikuwa anaongea kama mtu aliyeona akina mama wakibeba watoto na kuondoka, na amewaona wengi. Nilitoka ofisini kwake nimeshaamua kunyamaza. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala vizuri tu. Asubuhi nilipoamka nikajua kwamba kulala vizuri vile ndiko kulikonitisha.

*

Nilimkuta Subilaga kwenye mtaro karibu na kituo cha mabasi, maji yanamfika kifundoni, anakaza kiungo cha bomba.

"Shikamoo, Bi Atu."

"Marahaba. Toka humo tuongee."

"Ongea tu. Nikiachia hapa mtaa mzima unakosa maji."

Basi nikaongea na utosi wake. Nikamwambia alikuwa na haki ya kuuliza lile swali. Nikamwambia kuhusu sindano chumba namba mbili. Nikamwambia kuhusu tiki, saa moja na nusu, na kikombe cha chai. Nikamwambia sasa nataka mtoto wake aingizwe mrija, hatari yake ni hii na hii, na kwamba kama nisingekuwa na haraka zangu za ujana, mtoto asingehitaji kuingizwa kitu chochote kwa ajili ya kupima.

Spana ilisimama. Maji yakaanza kuvuja kwenye kiungo, hakuyashughulikia.

"Ulitia tiki watoto ambao hujawaona."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa rahisi. Na hakuna aliyewahi kuuliza."

Akainua uso. Alikuwa hana hasira usoni, na hilo lilinipa matumaini ya kipumbavu. Kisha akasema, polepole, "Ondoka. Ondoka hapa kabla sijakurushia hii spana."

Nikaondoka. Dokta Mwaipaja aliponiona siku ya pili alinikata jicho moja tu, hakusema "si nilikuambia". Bora angesema. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Nilipita chini ya kile kilima cha shule mara mbili nikijitia nina shughuli huko. Mara ya pili nilimwona Tupo katikati ya njia, amechuchumaa, mkono kwenye kiatu, wenzake wanampita. Nilitaka kukimbia nikambebe, lakini ningembeba nimpeleke wapi?

Ijumaa Subilaga akaja kituoni, mtoto mkononi. Hakuniamkia. Kwa mtu wa huku, mdogo kutomwamkia mkubwa ni tusi zito, na nilijua nimelistahili.

"Sijaja kwa sababu nimekusamehe," akasema. "Nimekuja kwa sababu nimewauliza watu wote ninaowajua, na wote wananiambia kijani ni kijani. Wewe peke yako ndiye unayesema si kijani, na umesema huku ukijua nitakuchukia. Huyo daktari, mkono wake haujaanza kutetemeka?"

"Hautetemeki."

"Na wewe utashika nini?"

"Mkanda."

"Tupo akilia, utaandika nini?"

"Nitaandika analia."

Akasaini. Dokta Mwaipaja akasaini chini yake, akasema ataanza saa tano.

*

Tulitoa maboksi ya dripu, tukapiga deki, tukawasha mashine ya zamani ya presha. Iliwaka bila kulalamika. Tupo alipewa dawa kidogo, ya kumlaza tu, si ya kuulegeza moyo, na mkanda ukafungwa juu yake ili vipimo viwili vichukuliwe pamoja. Subilaga alisimama nyuma ya kioo.

Dokta alikuwa anajaza maji kwenye mpira unaounganisha mrija na mashine niliposikia kioo kinagongwa kwa nguvu. Subilaga alikuwa ananyooshea kidole ule mpira.

"Kuna hewa humo!" Sauti ilikuja hafifu. "Mnaiona? Hapo kwenye kona! Presha yenu itakuja imelegea!"

Dokta akainamia. Kiputo kidogo kuliko punje ya mchele kilikuwa kimekaa kwenye kona ya kiungo. Akakisukuma nje, akajaza upya, akanong'ona, "Huyu alipaswa kuajiriwa hapa." Mimi nilikuwa sina hamu ya utani.

Mrija ukaingia. Kwenye skrini niliuona unapanda, kamstari keusi, mpaka mbele ya vali. Dokta akausukuma kidogo, ukarudi. Akausukuma tena, ukarudi. Mara ya tatu ukapenya, na hapo hapo mapigo yakaruka, moja, mbili, kisha mstari ukanyooka. Sekunde moja. Mbili. Nikasema, "Jamani, Dokta!" naye akasema, "Nyamaza," akavuta mrija nyuma kama nusu ya ukucha, na moyo wa Tupo ukaanza tena kwenda zake kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Sasa," akasema. "Soma."

"Ndani, mia moja arobaini na mbili."

Akauvuta mrija nje ya vali.

"Nje, themanini na sita."

Hamsini na sita. Nikatazama mkanda. Sitini na tatu. Nikatazama chini yake, kwa Mlinganishi: thelathini na sita, na taa yake ya kijani inawaka kwa utulivu kabisa, juu ya kifua cha mtoto ambaye vali yake ilikuwa inamnyonga.

Nikamgeukia Subilaga nyuma ya kioo, nikamwonyesha kwa vidole. Tano, kisha sita. Akafunga mdomo kwa kiganja, akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni. Na mimi nililia, nikiwa nimeshika mkanda, na kwenye fomu nikaandika: mtoto amelala, mpimaji analia. Dokta akaifuta ile ya pili.

Saa nane mchana walikuwa njiani kwenda Mbeya. Mlango ulifunguka, maana namba ilikuwa ya mrija. Kesho yake wakampanua vali kwa puto, na tofauti ikashuka mpaka ishirini na mbili.

*

Bi Mrutu alipokea jozi yetu, akaomba nyingine kumi kutoka vituo vingine. Zilikuja katika wiki tano na zote zilisema vilevile. Mlinganishi akasimamishwa kwa watoto chini ya miaka minane. Leseni yangu nayo ikasimamishwa, nikaitwa mbele ya baraza mwezi uliofuata, na nilikubali wito huo bila kubishana.

Kisha ikaja orodha. Watoto mia mbili na kumi na wawili katika mikoa yetu mitatu waliopewa kijani na huenda hawakustahili. Ofisi ilikuwa imeandaa ujumbe wa kuwatumia wazazi: kutokana na maboresho ya mfumo, tafadhali mlete mtoto kwa kipimo kipya.

"Maboresho," nikamwambia Bi Mrutu kwenye simu. "Niachie niwapigie mwenyewe."

"Siwezi kukuzuia kupiga simu, mama yangu. Lakini nakusihi, usikiri lolote. Hata kwa ajili yako mwenyewe."

Nikaanza asubuhi, nyumbani, mezani, orodha mbele yangu. Wengi walishtuka. Baadhi walinitukana, na matusi ya Kinyakyusa yana urefu wake. Mama mmoja wa Kyela aliniambia mtoto anapanda miembe kama tumbili, nikamwambia amteremshe amlete. Kila mmoja nilimwambia la tiki. Kuwaambia hao haikuwa kazi ngumu sana, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kufanya baada ya hapo. Waje, wapimwe, watibiwe.

Jina la kumi na tisa lilikuwa Ipyana Kibona, miaka saba, Ileje. Mkanda sitini na nane, Mlinganishi thelathini na tisa, kijani, mwaka uliopita mwezi wa kumi. Akapokea mwanamume.

"Baba Ipyana?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Bi Atuganile, wa kituo cha moyo Tukuyu. Ni kuhusu kipimo cha Ipyana."

Nilisikia redio upande wake, na mtu akiizima.

"Ipyana tulimzika mwezi wa nne," akasema. "Alianguka shuleni, wanacheza mpira. Tulisema labda ni jua. Nyinyi mlituambia moyo wake uko salama, kwa hiyo tukajua si moyo."

Nikasema pole. Nikasema tena. Kwenye orodha, mbele ya kila jina, kulikuwa na maelekezo, na kwa aliyefariki yalisema: toa pole, futa jina, usiendelee. Huyu hakuwa na mtoto wa kuleta. Hakuna ambacho ukweli wangu ungemrudishia. Ungemwondolea lile jua, basi, ungemwachia mimi. Nilimkumbuka Dokta na chungwa lake, nikaona kwamba kwa mtu huyu hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyowahi kuwa.

"Baba Ipyana," nikasema, "haikuwa jua. Ilikuwa moyo. Namba tuliyowapa haikuwa sahihi, na mmoja wa walioifanya isiwe sahihi ni mimi."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, taratibu, na hakunikatiza. Nilipomaliza nilingoja matusi, au kilio, au simu ikatwe. Nilisikia kiti kikiburutwa.

"Umesema unaitwa nani?"

"Atuganile Mwankenja."

"Majina yote."

"Atuganile Lupakisyo Mwankenja."

"Ngoja nitafute kalamu," akasema, na nikamngoja.